Vali Ikifungwa, Bomba Bado Halijazibwa: Tuijue Kazi ya Blaindi

Mtu wa Mombasa hahitaji kusafiri mbali kuona mabomba makubwa. Shimanzi kuna matangi ya mafuta, Kipevu meli zinashusha, Changamwe kuna kiwanda kilichosafisha mafuta ghafi kwa miaka hamsini kabla ya kazi hiyo kusimama mwaka 2013. Ukiyatazama mabomba ya sehemu kama hizo utaona mengine yamefika mahali yakakatika. Kwenye ncha ya bomba kuna sahani nene ya chuma, imezungukwa na bolti pande zote. Wengi wetu huipita bila kuitazama mara mbili.

Sahani hiyo ndiyo mada yangu leo. Vijana wetu wengi wanapata riziki kwenye mabomba, wengine hapa nyumbani na wengine Ghuba, ambako huenda kwa kandarasi za miaka miwili. Wengi wao huanza kazi wakiwa wamefundishwa kushika spana, lakini hawajafundishwa kwa nini sahani ile ipo pale. Mimi si mhandisi. Nilisomea ufundi mitambo kwa kiwango cha diploma, na kabla ya kushika kalamu nilishika spana miaka kadhaa. Ninayoyaeleza hapa ni alifu na be ya kazi hiyo, na kuna watu waliokufa kwa kuwa alifu na be hizo hazikufuatwa.

Blaindi ni nini?

Tuanze na flanji. Bomba la kiwandani haliunganishwi kwa kuungwa moto kila mahali, kwa sababu siku moja itabidi lifunguliwe lisafishwe, au pampu ibadilishwe. Kwa hiyo mwisho wa bomba huunganishwa duara nene la chuma lenye matundu ya bolti pembezoni. Hiyo ndiyo flanji. Flanji mbili huelekezana uso kwa uso, katikati yake huwekwa gasketi, kisha bolti na nati huzivuta pamoja mpaka gasketi ibanwe na pasivuje kitu.

Sasa chukua flanji ya saizi ile ile, yenye matundu yale yale ya bolti, lakini haina tundu la katikati la kupitisha mafuta au maji. Waingereza huiita flanji pofu, kwa maana haina jicho. Mafundi wetu wanasema blaindi tu, na mimi nitatumia neno lao. Kazi yake ni kuziba kabisa.

Utaikuta kwenye ncha ya bomba lililoachwa kwa ajili ya upanuzi wa baadaye. Utaikuta kwenye mlango wa kuingilia ndani ya tangi. Utaikuta mahali ambapo vali au pampu imeondolewa ikatengenezwe. Na mabomba mapya yakijaribiwa kwa maji ya presha kabla ya kupokewa, ncha zake huzibwa kwa blaindi.

Blaindi ina ndugu zake wawili. Wa kwanza mafundi humwita spedi, kibamba cha chuma chenye mkono kinachoingizwa katikati ya flanji mbili ambazo tayari zimeunganishwa. Wa pili ana umbo la miwani: duara mbili zimeshikana, moja ina tundu na nyingine ni nzima. Miwani hiyo hukaa kudumu kwenye bomba. Upande mmoja uko ndani na mwingine unaonekana nje, na hapo ndipo mgeni hukosea. Ukiona jicho lenye tundu liko nje, maana yake jicho lililo zima liko ndani na bomba limezibwa. Ukiona lililo zima liko nje, bomba liko wazi na kitu kinaweza kupita. Kijana wa kazi hii alijue hilo kama anavyojua njia ya kwao.

Kwani vali haitoshi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Kama kuna vali, si ufunge vali uendelee na kazi?

Tazama mfereji wa nyumbani kwako. Umeufunga mpaka mwisho na bado unadondoka usiku kucha ndani ya ndoo. Mpira wa ndani umelika, au chembe ya mchanga imekaa pale. Vali ya kiwandani haina tofauti na mfereji huo. Kiti chake hulika, kutu huingia, uchafu hukwama. Kwa nje gurudumu linaonyesha imefungwa, kwa ndani inapitisha. Ikipitisha maji, utalowa. Ikipitisha petroli au gesi, kuna kifo.

Tena vali ina jambo jingine ambalo mfereji wako hauna. Mtu wa mbali anaweza kuifungua. Anaweza kuwa mwenzako aliyeingia zamu bila kujua kuwa uko ndani ya bomba, au swichi kwenye chumba cha udhibiti, au hewa inayoendesha vali yenyewe.

Tarehe 23 Oktoba 1989, katika mji wa Pasadena, jimbo la Texas, Marekani, wafanyakazi wa mkandarasi walikuwa wakizibua bomba lililoganda plastiki kwenye kiwanda cha kampuni ya Phillips. Kilichowatenga na mtambo wenye gesi ya presha kubwa kilikuwa vali moja tu. Vali ile iliendeshwa kwa hewa, na uchunguzi ulionyesha kwamba mipira ya hewa ilikuwa imeunganishwa kinyume, hivi kwamba amri ya kufunga ilikuwa inafungua. Gesi ilimwagika kwa sekunde chache, ikapata moto, na watu 23 walikufa. Utaratibu wa kampuni yenyewe ulitaka pawe na kinga ya pili, yaani vali mbili au blaindi. Pale kiwandani haukufuatwa.

Mafundi wa zamani wanaposema "vali inafunga, blaindi inaziba" wanamaanisha hilo. Kwa kazi ndogo ya muda mfupi, vali iliyofungwa na kutiwa kufuli inaweza kukubalika. Lakini bomba la mafuta au gesi likifunguliwa, au mtu akiingia ndani ya tangi, ni lazima liwepo chuma zima baina yake na kile kinachoweza kumuua.

Nguvu iliyo nyuma ya sahani

Wengine huona ni sahani tu, wakadhani kipande chochote cha bati nene kitafanya. Hebu tupige hesabu kidogo.

Chukua bomba lenye upana wa sentimita 30 kwa ndani. Eneo la mdomo wake ni karibu sentimita mraba 707. Presha ikiwa ni bari 10, ambayo kiwandani si presha ya kutisha, kila sentimita mraba inasukumwa kwa nguvu ya kilo 10 na kidogo. Zidisha. Sahani ile inasukumwa na nguvu ya zaidi ya tani saba, kama vile shehena ya lori la tani saba imewekwa juu yake, usiku na mchana. Na katikati ya sahani hakuna bolti, kwa hiyo chuma chenyewe ndicho kinachopinda au kisipinde. Ndiyo maana blaindi ya kweli ni nzito kuliko unavyotarajia ukiinyanyua.

Kwa sababu hiyo flanji zina madaraja, na daraja hugongwa kwenye ukingo wake pamoja na saizi na aina ya chuma: 150, 300, 600 na kwenda juu mpaka 2500. Namba hizo zinachanganya watu. Flanji ya daraja la 150 ya chuma cha kawaida, ikiwa katika joto la kawaida, inaruhusiwa kubeba karibu bari 19.6. Bomba likipata joto la nyuzi 200, flanji ile ile inaruhusiwa bari 13.8 tu, kwa sababu chuma kikipata moto hulegea nguvu. Ya daraja la 300 katika joto la kawaida hubeba karibu bari 51.

Dalili moja iliyo rahisi: flanji ya inchi sita ya daraja la 150 ina matundu manane ya bolti, ya daraja la 300 ina kumi na mawili. Matundu yasipolingana usilazimishe na wala usitoboe mapya. Hiyo si sahani yake. Na bamba lililokatwa jua kali kutoka kwenye chuma chakavu, lisilo na maandishi ukingoni, huwezi kujua ni chuma gani. Linaweza kufunika pipa la maji. Bomba la presha ni kitu kingine.

Kukaza kuna adabu yake

Hata ukipata blaindi sahihi, ukiikaza vibaya ni kama hukuiweka.

Kwanza gasketi. Iwe mpya, ya saizi na daraja lake. Ile iliyowahi kubanwa imeshachukua umbo la mahali pengine na haitarudi tena. Uso wa flanji usafishwe na ukaguliwe mikwaruzo, hasa ule unaokata kutoka ndani kwenda nje, kwa kuwa huo huwa njia ya kuvujia.

Pili bolti. Zote zitiwe, na za saizi moja. Nimeona mahali bolti nne zimetiwa kwenye matundu manane kwa hoja kwamba "ni ya muda tu". Presha haijui muda. Bolti hazikazwi kwa kuzunguka kama mtu anayefunga kikapu. Hukazwa kwa kuvuka, hii kisha ya ng'ambo yake, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari. Mzunguko wa kwanza unafikia karibu asilimia 30 ya nguvu inayotakiwa, wa pili karibu 60, wa tatu asilimia 100, kisha unapita kwa duara kuhakikisha hakuna iliyolegea. Spana inayotumika kumalizia ni ile ya kupima nguvu. Mkono hudanganya, hasa alasiri baada ya jua la kutwa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa mazoezi kwenye karakana moja, palikuwa na mzee fundi tuliyekuwa tukimwita Ami. Hakuna aliyepandisha presha kabla Ami hajapita na chaki, akitia alama kila nati aliyoipima mwenyewe. Sisi vijana tuliona anatuchelewesha. Kwenye kazi nyingine baadaye, msimamizi wa mkandarasi alituambia blaindi hazijafika, tufunge vali tuendelee. Mafundi wakubwa kwa umri walikaa chini wakakataa, na siku ile hapakufanywa kazi. Msimamizi alikasirika sana. Mimi niliwaelewa zaidi nilipokuja kusoma habari ya Piper Alpha.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988

Piper Alpha ilikuwa jukwaa la kuchimba mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, karibu kilomita 190 kutoka mji wa Aberdeen, Scotland. Mwenyeji wake alikuwa kampuni ya Occidental. Usiku ule palikuwa na watu 226 juu yake.

Jukwaa lilikuwa na pampu mbili za kusukuma kondenseti, yaani gesi iliyogeuka kimiminika, A na B. Mchana wa siku ile pampu A ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo, na vali yake ya usalama ikatolewa kwenda kupimwa. Mahali ilipotoka vali ile, mafundi waliziba bomba kwa blaindi. Ilipofika jioni vali haikuwa tayari kurudishwa, kazi ikaahirishwa mpaka kesho yake. Blaindi ilikuwa juu, mita kadhaa kutoka ilipo pampu, na aliyesimama chini karibu na pampu asingeiona.

Zamu ikabadilika. Muda mfupi kabla ya saa nne usiku, pampu B ilizimika na ikakataa kuwaka. Bila pampu, umeme wa jukwaa zima ungekatika. Watu wa zamu ya usiku walijua kwamba pampu A ina kibali cha matengenezo, lakini matengenezo yale makubwa yalikuwa hayajaanza. Kibali cha pili, kile cha vali ya usalama, hawakuwa na habari nacho. Kwao pampu A ilikuwa nzima, imesimama tu. Wakaiwasha.

Kondenseti ilipanda hadi kwenye blaindi na ikavuja. Kiasi cha saa nne usiku ulitokea mlipuko wa kwanza. Tume iliyoongozwa na jaji Lord Cullen iliona kwamba, kwa uwezekano mkubwa, bolti za blaindi ile zilikuwa zimekazwa kwa vidole tu. Moto ukafika kwenye mabomba makubwa ya gesi yaliyotoka majukwaa jirani, nayo yakapasuka moja baada ya jingine. Walikufa watu 167, wakiwemo wawili waliokuja kuokoa. Walionusurika ni 61.

Tusiseme blaindi ndiyo iliyoua peke yake. Tume ilikuta mambo mengi: pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimewekwa zisijiwashe zenyewe, kuta zilizojengwa kwa ajili ya moto zisistahimili mlipuko, majukwaa jirani yakiendelea kusukuma mafuta huku Piper inaungua, watu wakisubiri amri ya kuhama ambayo haikuja. Ripoti iliyotoka mwaka 1990 ilikuwa na mapendekezo 106, na ikabadili sheria za kazi za baharini Uingereza. Lakini mlango uliofungua maafa hayo yote ulikuwa sahani moja ambayo haikukazwa, na karatasi moja ambayo haikufika mkononi mwa aliyeingia zamu. Wazee wetu walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Sahani ni nusu, habari ni nusu

Kwa maoni yangu somo la Piper Alpha limegawika nusu mbili, na watu hukumbuka ya kwanza tu.

Nusu ya kwanza ni ya chuma. Blaindi iliyotiwa ili "kufunika kwa usiku mmoja" inakazwa kama ile itakayokaa miaka ishirini. Hakuna blaindi ya muda. Ikiwa unataka tu vumbi lisiingie ndani ya bomba lililo wazi, funika kwa kitu ambacho hakuna atakayekidhania kuwa kizuizi, kama kifuniko cha plastiki. Sahani ya chuma yenye bolti zilizolegea ni uongo. Inamwambia anayekuja nyuma yako kuwa pamezibwa.

Nusu ya pili ni ya habari. Kila blaindi iliyotiwa iandikwe: namba yake, mahali ilipo, nani kaitia, saa ngapi, kwa kazi gani. Kwenye sahani yenyewe iningʼinizwe lebo. Viwanda vinavyojiheshimu vina daftari la blaindi, na mtambo hauwashwi mpaka zilizotoka na zilizoingia zihesabiwe zilingane. Na wanapobadilishana zamu, anayetoka asiseme "kila kitu sawa" akakimbilia basi la wafanyakazi. Amwambie mwenzake kwa mdomo, ampeleke kwa miguu ikiwezekana, amwonyeshe kwa kidole: hapa pametolewa vali, hapa pana blaindi, pampu hii isiguswe. Sisi tunalijua neno amana. Kukabidhi zamu ni kukabidhi amana, na amana hairudishwi nusu.

Kwa vijana wetu na wazazi wao

Kijana aliyepata kazi ya mabomba, iwe Changamwe au Ghuba, ayashike haya machache.

Ukiambiwa "vali imefungwa, fungua bomba", uliza blaindi iko wapi. Omba uone kibali cha kazi na ukisome, au usomewe kwa lugha unayoielewa. Usione haya. Kibali usichokielewa hakikulindi.

Ukifungua flanji au blaindi iliyokaa muda mrefu, chukulia kwamba nyuma yake kuna presha, hata kama kila mtu amekuambia ni tupu. Bomba lililozibwa mwishoni halipitishi kitu, hivyo maji na uchafu hutuama pale, kutu hula chuma, na gesi hujikusanya. Hakikisha limepunguzwa presha na kumwagwa. Kisha legeza kwanza bolti zilizo mbali nawe, kidogo kidogo, ili kama kuna kilichobaki kitoke upande wa pili na si usoni kwako. Usitoe bolti zote kabla hujaona gasketi imeachia.

Na ukiona hatari, sema. Kwa hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo karibu, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Najua sheria ni jambo moja na kibarua cha siku ni jambo jingine. Anayelipwa kwa siku anaogopa kesho ataambiwa asije. Ndiyo maana nawaomba wasimamizi na wakandarasi wa hapa kwetu, ambao wengi ni jamaa na majirani zetu: msimwachie kijana wa miaka ishirini na mbili mzigo wa kukataa. Blaindi, gasketi mpya na spana ya kupimia viwe kwenye hesabu ya kazi tangu siku ya zabuni. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na maiti mmoja kupelekwa kwa mama yake.

Wazazi nao wana la kufanya. Mtoto akiaga kwenda Ghuba, huwa tunamuuliza mshahara ni kiasi gani na likizo ni lini. Tumuulize pia ni nani atakayemfundisha kazi ile kabla hajaguswa na bomba la kwanza, na kama amepewa mafunzo ya kibali cha kazi. Akijibu hajui, basi kabla ya siku ya ndege amtafute fundi mzoefu mtaani amkalishe saa mbili tatu. Mafundi wetu waliostaafu wapo, Changamwe na Likoni wamejaa, na wengi wanafurahi kuulizwa.